Juu ya Maneno Madogo ya Kiingereza Yafuatayo Vitenzi, na Namna Yalivyofika Katika Nchi ya Mpanda

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, mwenyeji wa kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Karema, alipata kazi ya ukarani mjini Mpanda. Siku moja ikamfikia habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Akamwandikia mkubwa wake barua ya Kiingereza kuomba ruhusa. Na kwa kuwa sisi sote husema "naenda kumwangalia mama", yeye aliandika kwamba ataka "to look at my mother". Mkubwa aliisoma barua, akampa siku moja. Hatuwezi kusema alimwonea, maana kumtazama mtu kwa macho si kazi ya siku nyingi. Lakini kutoka Mpanda hata Karema ni zaidi ya kilometa 100, tena ilikuwa masika. Kijana alikwenda, akakaa kwa mama yake majuma mawili, akampikia uji, akamtekea maji, akamnywesha dawa. Na aliporudi alikuta jina lake limefutwa katika daftari ya kazi.

Neno alilolihitaji lilikuwa "to look after". Tofauti yake na lile aliloliandika ni neno moja dogo, ambalo mwalimu aweza kulipita darasani bila kulitazama mara mbili. Nasi tulilipita. Tulisahihisha madaftari ya kijana yule miaka minne, tukamfundisha maneno madogo ya Kiingereza kama tulivyofundishwa sisi wenyewe, yaani kwa sanduku na mpira: mpira u ndani ya sanduku, mpira u juu ya sanduku, mpira u chini yake, mpira u nyuma yake. Alijua vizuri sana kwamba "after" ni "baada ya". Hakujua, wala hatukumwambia, kwamba neno hilo likifuatana na kitenzi fulani huacha maana yake ya sandukuni na kuingia katika maana ya kitenzi chenyewe. Tangu siku ile tumekuwa tukiyachunguza maneno haya, asili yake na njia yaliyopita hata kufika kwetu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza wasomaji wakumbuke kwamba katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 huitwa Mkoa wa Katavi, Kiingereza ni mgeni aliyechelewa. Wenyeji walikuwa na lugha zao, Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, na Kifipa upande wa kusini. Kiswahili kilifika na misafara iliyopita Tabora. Kisha mwaka 1879 wajumbe wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walijenga boma Karema, na mwaka 1885 boma hilo likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa Kifaransa. Hata mganga mkuu wa misioni ile, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, akatibu watu Karema tangu 1889 hata alipofariki mwaka 1956, alikuwa mtu wa malezi ya Kifaransa. Wakati wa Wadachi kikaongezwa Kijerumani. Basi Kiingereza kilipoingia baada ya vita ya 1914 hata 1918 kilikuwa mgeni wa nne, kwa kuhesabu wale walioandikwa vitabuni tu. Mwaka 1922 Chama cha Mataifa kiliwakabidhi Waingereza nchi ya Tanganyika ili waiangalie. Na hapa msomaji achague mwenyewe katika maana mbili za neno hilo.

Shuleni Kiingereza kilikuwa cha madarasa ya juu tu, na madarasa ya juu yalikuwa mbali. Kilichokileta Mpanda kwa wingi ni kazi. Baada ya vita kuu ya pili yalifunguliwa machimbo ya madini ya risasi, na mwaka 1950 reli ikafika kutoka Kaliua. Hapo Kiingereza cha maneno madogo kiliingia masikioni mwa watu kabla hakijaingia machoni. Mtu hakusoma "to lock up" katika kitabu. Alisikia kwamba fulani amelala lokapu. Hakusoma "to break down". Aliona gari likivutwa na brekdauni. Aliyepumzishwa kazi ana ofu, mpira uliopita mstari umetoka auti, na gari dogo la mizigo, ambalo jina lake limetoka katika "to pick up", ni pikapu.

Tazameni jambo lililotendeka hapa. Waswahili walilichukua neno dogo, lakini hawakuliacha lisimame peke yake. Walilifunga kwenye kitenzi hata likawa mkia wake, wakakifanya kitu kizima kuwa jina. Mtoto mmoja wa darasa la nne alituuliza kwa moyo mweupe kama pikapu na kikapu ni ndugu, kwa kuwa vyote viwili huchukua mzigo. Tulicheka, lakini sikio lake lilisikia vema: kwake "apu" haikuwa neno, ilikuwa mwisho wa neno. Na Mbantu yeyote, asikiapo kitu kidogo kimekaa nyuma ya kitenzi na kuigeuza maana yake, hukidhania kuwa mkia, maana ndivyo lugha yake mwenyewe ifanyavyo.

Lakini kabla ya kuusema mkia wetu, tuseme habari za Kiingereza chenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kwamba Waingereza walikaa wakabuni maneno haya ili kuwatesa wageni. Kiingereza cha kale kilikuwa jamaa ya Kijerumani, na mara nyingi kiliweka neno dogo mbele ya kitenzi, limeshikamana nacho. Mabaki yake yako hata leo. "To understand" ni neno la "chini" likifuatwa na neno la "kusimama". Wala hakuna mwalimu awaambiaye watoto kwamba kufahamu ni kusimama chini. Baadaye, katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066, maneno madogo yalizidi kuhamia nyuma ya kitenzi, yakaachana nacho kidogo. Na katika sehemu za mwisho za tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough, zinazokoma mwaka 1154, mtindo huo waonekana tayari. Kwa wakati huo maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliingia. Ndiyo sababu Mwingereza ana maneno mawili kwa jambo moja: aandikapo barua ya serikali husema "to tolerate", na azungumzapo na mkewe husema "to put up with". La kwanza ni la vitabuni, la pili ni la nyumbani. Watoto wetu hufundishwa la vitabuni, kisha hukutana na watu wasemao la nyumbani.

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliliona jambo hili. Katika dibaji yake alisema kwamba vitenzi hivi vyenye neno dogo nyuma ndivyo viwataabishavyo wageni kuliko vingine, akajitahidi kuvikusanya. Jina la vitenzi hivyo katika sarufi ya Kiingereza lilienea baadaye sana, baada ya kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley. Na mwaka 1930 bwana mmoja, C. K. Ogden, alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850 tu, ambamo vitenzi ni 18. Hesabu hiyo yapendeza sana kuisikia. Lakini awezaye kusema mambo yote ya dunia kwa vitenzi 18 ni yule aliyekwisha kujua kuviunganisha na maneno madogo, akageuza "get" iwe kuamka, kupanda, kushuka, kupona na kuponyoka. Mwingereza huyajua hayo tangu mgongoni mwa mama yake. Sisi twaona kwamba wepesi ule ulikuwa wepesi wa mwenye nyumba, si wa mgeni.

Sasa mkia wetu. Askofu Steere wa Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1870, alieleza kwamba kwa kutia sauti moja karibu na mwisho wa kitenzi Kiswahili husema lile ambalo Kiingereza hulisema kwa kihusishi. Bibi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliliita umbo hilo kwa jina la vihusishi vya Kiingereza. Sisi shuleni twaliita kauli ya kutendea. Jina la Bibi Ashton lina kasoro kwa Mswahili, maana lapima nguo yetu kwa mwili wa mtu mwingine. Walakini kwa mwalimu wa Kiingereza lina hazina kubwa ndani yake, kwa kuwa laonyesha mahali daraja lilipo.

Tazama ni kutumia macho. Tazamia ni kungoja jambo lijalo, na Mwingereza kwa maana hiyo hutumia kitenzi na maneno mawili madogo, "to look forward to". Fuata ni kwenda nyuma ya mtu. Fuatilia ni "to follow up". Omba ni kutaka kitu. Ombea ni kumtakia mwingine. Hama ni kutoka, hamia ni kuingia. Neno la mahali halikuguswa, mkia ndio uliogeuza uso wa msafiri. Tena tuna mikia ya kutengua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Mwingereza huvaa kwa "to put on" na kuvua kwa "to take off", sisi huvaa na kuvua kwa shina lile lile. Na wakati mwingine twatumia mkia pamoja na neno la nje, kama yeye: tupilia mbali, potelea mbali. Hapo hatuna neno la kumcheka Mwingereza na "to throw away" yake.

Lililo bora kuliko yote kwa kufundishia, kwa maoni yetu, ni kuishiwa. Mama asema, "Tumeishiwa chumvi." Mwingereza husema "we have run out of salt", akikimbia kutoka ndani ya chumvi, jambo la ajabu kwa mtu anayelisikia mara ya kwanza. Mwanafunzi wetu mmoja alilifasiri la mama neno kwa neno, na kwa Kiingereza chake ilikuwa chumvi imewamaliza watu wa nyumba nzima. Lakini tukiuliza ni lipi geni zaidi, la Mwingereza au letu, hatuoni. Kila mmoja ameifinyanga maana katika chungu cha kwao.

Wilayani kwetu daraja hili ni pana kuliko walimu wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia Burundi wakakimbilia Tanzania, nao wakapewa makao Katumba, na baadaye, tangu 1978, Mishamo. Wengi wao walipokea uraia mwaka 2014. Angalieni sentensi tuliyoiandika sasa hivi: walikimbia, wakakimbilia. Kiingereza kingehitaji "from" katika la kwanza na "to" katika la pili. Na mjukuu wa watu wale, ambaye nyumbani husikia Kirundi, anajua kwamba guhunga ni kukimbia na guhungira ni kukimbilia, kama vile kwandika na kwandikira ni kuandika na kuandikia. Mtoto huyo ana mkia huo katika lugha mbili kabla ya kuonyeshwa sanduku na mpira. Sisi twaanza kumfundisha kama kwamba hana kitu.

Hapo ndipo tulipobadili njia. Hatuandiki tena ubaoni orodha ya maneno madogo na tafsiri zake. Twaandika "to look after" kama neno moja lenye sehemu tatu, na mbele yake kutunza. "To look for", na mbele yake kutafuta. "To look at", kutazama. "To look down on", kudharau. Kisha twawauliza watoto walete kitenzi chao cha nyumbani ambacho mkia wake umekigeuza maana hata hakumbuki tena asili yake. Wao huleta vingi, nasi wakati mwingine hushindwa kuwajibu.

Yako mambo mawili ambayo daraja letu haliyafikii, na ni haki kuyataja. La kwanza ni lile neno "to" lenyewe. Hapo kale lilikuwa kihusishi cha kwenda mahali. Katika Kiingereza cha zamani kitenzi kilikuwa na mwisho wake wa "-an" kuonyesha kwamba hakijafungwa na mtu wala wakati, na "to" iliongezwa kwa kuonyesha kusudi. Miisho ilipokufa, "to" ikabaki ikilinda mlango peke yake. Kiswahili nacho kina "ku" ya kusoma na kuandika, na "ku" nyingine ya mahali, kama katika kule kwetu. Zafanana kwa umbo, na wako wataalamu wadhanio kwamba zilitoka tumbo moja. Lakini kitenzi chetu chenye "ku" ni jina pia: twasema kusoma kwangu, baada ya kula, kabla ya kuondoka. Kiingereza hugawa kazi hiyo, na baada ya kihusishi hutaka umbo la "-ing". Kwa hiyo mtoto huandika "after to eat", na katika barua ya kungojea kwa hamu huandika "I look forward to see you", akidhani "to" ile ni "ku", kumbe ni kihusishi. Kipimo chake ni chepesi: weka jina la kitu mahali pa kitenzi. Ukiweza kusema "I look forward to the feast", basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija hapo lazima kivae "-ing".

La pili ni mahali pa kukiweka kile kitendwacho. Koti huwekwa katikati, "put it on", nasi twalifahamu upesi kwa sababu hata sisi twasema livae, kitendwa kikiwa tumboni mwa kitenzi. Lakini hatuwezi kusema "look it after". Katika "put on" lile neno dogo ni mwenzi wa kitenzi na laweza kusogea. Katika "look after" limemshika mtendwa mkono, wala halimwachi. Tumeona kwamba kanuni hii hujifunzwa kwa kusikia kuliko kwa kuelezwa.

Kwa upande mwingine, wenzetu wa Afrika Mashariki tumejifanyia desturi zetu. Twasema "to pick" mtu stesheni na kuiacha "up", twasema "to cope up with" tukiongeza "up" isiyoitwa, na twasema "to discuss about" na "to request for". Walimu wengine hupiga mstari mwekundu kwa hasira. Sisi twapiga mstari, maana mtihani ni mtihani, lakini hatuna hasira. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996 huyapanga maneno haya chini ya kitenzi chao, na mtoto mwenye kamusi ataona mwenyewe ni lipi la Waingereza na ni lipi letu. Shida ni kwamba katika shule nyingi kamusi ni moja, tena i kabatini kwa mwalimu mkuu.

Kijana wetu wa Karema alipata kazi nyingine baadaye, kwa mfanyabiashara wa mpunga, ambako barua zote huandikwa kwa Kiswahili. Mama yake alipona. Tulipokutana naye alituuliza kama twafundisha bado kwa sanduku, tukamwambia hapana.

Yamebaki maneno ambayo hatujapata kuyawekea mkia wa Kiswahili. "To make up" ni moja: ni kutunga uongo, ni kupatana baada ya ugomvi, ni kujipamba uso, ni kufidia siku zilizopotea. Tena twataka sana kujua kama Kipimbwe na Kibende vina mkia wa kutengua kama ule wa funga na fungua, na ni vitenzi gani vinavyouchukua, maana wazee tuliowauliza walitupa mifano isiyopatana. Walimu wa Mpimbwe na wa kando ya ziwa walio na orodha, hata ya maneno kumi tu, na watuandikie.